Bahari Imekwenda Wapi?

Picha za ufukwe wa Paje, Unguja, zinazozunguka mitandaoni karibu zote zimepigwa maji yakiwa yamejaa. Bahari ya feruzi imekaribia kugusa minazi, na mtu aliyekaa ofisini Mwanza akiiona huanza kuhesabu siku zake za likizo. Hoteli haibandiki picha ya saa nne asubuhi siku ya bamvua. Haina kosa. Dalali naye anapouza nyumba hakupeleki kwanza chooni.

Mhasibu mmoja wa Mwanza na mkewe waliingia mtego huo wakisherehekea miaka kumi ya ndoa. Walilipia kila kitu kwa mpigo: chakula, vinywaji, masaji ya wawili, na chumba “kinachotazama bahari”. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyopandisha bei kuliko masaji.

Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja boti ya kasi huchukua kama saa mbili, na upepo wa kusi ukishika, mkondo unaotenganisha kisiwa na bara huchafuka kwelikweli. Mhasibu alikataa kidonge cha kuzuia kichefuchefu. Amekulia kando ya Ziwa Victoria, akasema, na maji ni maji. Walipofika katikati ya safari alikuwa ameukumbatia mfuko aliopewa na mhudumu, macho yamemtoka, huku bibi mmoja wa Kiunguja kando yake akimalizia sambusa yake bila haraka. “Pole mwanangu,” bibi alimwambia. “Tazama mbali, usitazame miguu.” Kisha akafungua mfuko wa pili wa sambusa.

Walifika Paje saa kumi na moja jioni. Bahari ilikuwepo, tena tele. Wakaitazama, wakaisifu, wakaenda kula, wakalala.

Asubuhi walivaa sare, kitani cheupe juu na chini, nguo walizoshonesha makusudi kwa ajili ya picha za majini. Walipotoka kibarazani walikuta uwanja. Mchanga, vidimbwi, nyasi za baharini, na ngalawa zilizolala ubavu. Bahari yenyewe ilikuwa mstari mwembamba mweupe huko mwambani, zaidi ya kilomita moja.

Mhasibu alikwenda mapokezi na sauti ya mtu aliyetunza risiti.

“Dada, samahani. Bahari imekwenda wapi?”

“Imekupwa, baba. Saa kumi itakuwa imejaa.” Binti akafungua mtoto wa meza, akamkabidhi karatasi yenye saa za kujaa na kupwa, kama vile anamhudumia mtu anayeuliza ratiba ya basi la Makunduchi.

Sasa, tumtetee kidogo. Ziwa Victoria lina visa vyake, lakini ukiliacha asubuhi utalikuta jioni palepale. Bahari ya Hindi huja mara mbili na kuondoka mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika hamsini. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo maji hupanda na kushuka kupita kiasi. Hapo ndipo watu wa pwani husema bamvua, na Unguja tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita nne. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Pwani ya mashariki, kuanzia Michamvi kuteremka Bwejuu, Paje hadi Jambiani, ina mwamba mrefu uliojitenga na nchi kavu, na kati ya mwamba na ufukwe kina ni kidogo mno. Bamvua ikipwa, sehemu kubwa ya hapo katikati hubaki wazi. Na kwa Unguja, siku za bamvua maji hupwa karibu saa nne asubuhi, saa ileile ambayo mgeni amemaliza chai na anatafuta pa kuogelea.

Wanandoa wetu wakaamua kuifuata bahari kwa miguu.

Hawakufika mbali kabla ya kuzingirwa na papasi, wale vijana wa ufukweni wanaowawinda wageni. Wa kwanza aliwaamkia kwa Kiitaliano. Wa pili akasema “Jambo! Hakuna matata!” kwa ile sauti ambayo Mswahili hamwambii Mswahili mwenzake. Mhasibu akasimama, akajitambulisha kwa heshima zote kwamba yeye ni Msukuma wa Magu. Kijana hakupepesa jicho. “Basi mzee, nakupa bei ya watu wa bara,” akasema, na bei ya kwenda mwambani kwa ngalawa ikashuka nusu palepale. Alipoulizwa ngalawa itapitaje juu ya mchanga, akajibu kwamba malipo ni sasa, safari ni saa kumi.

Mbele zaidi kulikuwa na mistari ya vijiti vilivyounganishwa kwa kamba, na kila kamba imefungwa vishada vya mwani. Mke wa mhasibu aliinama, akang'oa kishada, akakiweka begani ili apigwe picha.

“Shoga, huo mwani wangu,” ilisema sauti.

Mama mwenye shamba alikuwa amekaa majini, maji yakimfika kiunoni, kanga imefungwa vizuri, mikono ikiendelea kufunga mbegu kwenye kamba. Mwani ulianza kulimwa Unguja kibiashara mwaka 1989, na wakulima wake walio wengi ni wanawake. Ukishakaushwa husafirishwa nje, ambako hutolewa ute wa kuzitia uzito dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Ile aina yenye bei nzuri zaidi imekuwa ikifa maji yanapozidi joto, kwa hiyo wengi wamebaki na ya bei ya chini. Saa za kazi hupangwa na bamvua: maji yakipwa wanaingia, yakijaa wanatoka. Mhasibu aliyasikiliza yote hayo kimya, kwa sababu dakika ishirini kabla alikuwa ameandika kwenye kitabu cha maoni cha hoteli kwamba ufukwe una majani mengi na menejimenti ione namna ya kuyafyeka.

“Na nyinyi msiende mbali,” mama aliongeza. “Maji yashageuka.”

Wakaenda mbali. Mhasibu alikuwa amevaa ndala za hoteli, zile nyeupe za kitambaa ambazo hata bafuni hazifai, na karibu na mwamba alikanyaga mmoja wa wale viumbe weusi wa mviringo wenye miba mirefu kama sindano. Kelele aliyopiga iliwageuza hata wazungu waliokuwa wakifunga maparashuti yao ya kuteleza juu ya mawimbi. Miba ile hukatikia ndani ya nyama na ukiivuta inamegeka. Akarudi ufukweni akiwa ameegemea mkewe upande mmoja na papasi upande wa pili, yule wa bei ya bara, huku maji yakiwafuata kwa nyuma, magotini, kisha mapajani. Kitani cheupe kikapata maji yake hatimaye, ila hakuna aliyekuwa na hamu ya kupiga picha.

Daktari wa hoteli hakuwepo. Mtunza bustani alikuwepo. Alichuma papai bichi, akalichanja kwa kisu, akaudondoshea wayo utomvu mweupe, ambayo ni tiba ya siku nyingi kwa miba ya aina hiyo, kisha akaufunga mguu kwa taulo nene la bwawa la kuogelea. Kufikia asubuhi maumivu yalikuwa yametulia na mhasibu alikuwa anachechemea kwa madaha.

Siku zilizobaki walijifunza kuishi kwa ile karatasi, ingawa si bila ajali. Michamvi Pingwe kuna mkahawa maarufu uliojengwa juu ya jiwe baharini: maji yakipwa unaufikia kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa boti. Waliingia kwa miguu, wakala pweza taratibu, na walipotoka mhasibu akakataa boti kwa hoja kwamba njia anaijua, amepita muda si mrefu. Simu yake ilikauka kwenye mchele kwa siku mbili na haikuwaka tena.

Asubuhi ya kuondoka alifika mapokezi na hesabu iliyoandikwa vizuri. Alikuwa amejumlisha saa zote ambazo chumba kinachotazama bahari kilitazama mchanga, na alikuwa anaomba punguzo. Binti aliisoma mpaka mwisho.

“Baba, bei ni ya chumba. Bahari hatukukutoza,” akasema, akigeuza kompyuta ili aone. “Tulichokutoza ni hili taulo moja. Utomvu wa papai hautoki.”