Kura Moja, Kazi Saba: Seneta wa Tana River Kwenye Mizani

Shuka basi Minjila, pale njia ya Lamu inapoachana na ya Garissa, uulize swali moja tu: seneta kazi yake hasa ni gani? Majibu yatakuwa mengi kuliko maembe ya msimu. Mmoja atasema barabara (si yake). Wa pili atasema basari (mtafute mbunge). Wa tatu ataguna, na huyo ndiye aliyekaribia ukweli.

Haya, tumewapunguzia kelele. Hizi hapa kazi saba, kuanzia ya mkiani hadi ya kileleni. Kipimo ni kimoja: mtu wa Minjila ataona tofauti? Rufaa zote zinasikizwa kwenye meza ya chai, na mkata rufaa ndiye analipa.

7. Kusalimia wanafunzi

Shule ikifika Seneti, Spika huwatambulisha watoto, kisha maseneta husimama mmoja mmoja kuwakaribisha. Anaanza wa kaunti yao, anafuata jirani, halafu anakuja aliyewahi kupita karibu na shule hiyo akiwa safarini. Yote yanaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, neno kwa neno.

*Hukumu:* Adabu tele, sheria sufuri. Lakini mguse mzazi mwenye video ya mwanawe akisalimiwa uone.

6. Kuomba kauli

Mafuriko yamekata barabara. Seneta anasimama na kudai kamati ilete maelezo. Kamati inamwandikia waziri, waziri anawaagiza maofisa, maofisa wanatafuta faili. Mto Tana haujui Kanuni za Kudumu za Bunge, kwa hiyo unapanda na kushuka kwa ratiba yake.

*Hukumu:* Inasaidia kuweka rekodi. Kuvuka maji bado utahitaji mtumbwi.

5. Hoja

Hoja ikipita, Seneti "inaazimia". Neno zito hilo, ila serikali haifungwi nalo. Ndiyo maana hoja nyingi hupita bila jasho: nani atapinga kitu kisichomgharimu?

*Hukumu:* Posa bila mahari. Vigelegele vipo, bibi harusi hayupo.

4. Mswada wake mwenyewe

Sasa tunapanda ngazi, ila ngazi yenyewe ina vipago vilivyolegea. Katiba, Ibara ya 109, inasema mswada wa fedha ni wa Bunge la Kitaifa peke yake. Seneta anaweza kuwaandikia wakulima wa Tana Delta mswada mtamu, mradi asiguse kodi. Ukipita Seneti, unavuka upande wa pili na kupanga foleni upya.

Ugomvi wa mabunge haya mawili ulifika kortini. Oktoba 2020, Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 zilizopitishwa bila Seneti kushirikishwa. Baadaye Mahakama ya Rufaa ikapunguza makali ya uamuzi huo.

*Hukumu:* Mpime seneta kwa miswada iliyokuwa sheria, usimpime kwa iliyosomwa mara ya kwanza tu. Najua wengine mtabisha. Bisheni, lakini na orodha mkononi.

3. Kuchungulia kanuni za mawaziri

Danson Mungatana, mbunge wa Garsen kuanzia 2002 hadi 2013 na seneta wa Tana River tangu 2022, alikabidhiwa kuongoza kamati ya Seneti inayokagua kanuni zinazotungwa nje ya Bunge. Kazi kavu hiyo, wala haina picha ya kuweka kwenye kalenda. Ila ina meno. Kwa sheria ya 2013, kanuni ikichapishwa na isiwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao, inakufa.

*Hukumu:* Nafasi ya tatu, na mnune mnavyotaka. Huyu analipwa kusoma yale maandishi madogo ambayo sisi hubonyeza "nakubali" bila kuyatazama.

2. Kuamua hatima ya magavana

Hapa ndipo udogo wetu unapogeuka ukubwa. Ibara ya 123 inasema, katika mambo yanayohusu kaunti, kila ujumbe wa kaunti una kura moja. Sensa ya 2019 iliwakuta watu 4,397,073 Nairobi na 315,943 Tana River. Kwa kila mmoja wetu wao wana kumi na wanne. Kwenye kura? Ngoma droo.

Na kura hiyo imetumika. Desemba 2020 kura 27 zilimng'oa gavana wa Nairobi, Mike Sonko, dhidi ya 16 za kumtetea. Kinyume chake, Naibu Rais Rigathi Gachagua alipohukumiwa Oktoba 2024, kila seneta alipiga kura yake binafsi, hata wale wa kuteuliwa ambao kwenye kesi za magavana hawana kura yao binafsi.

*Hukumu:* Tamu, lakini gavana wa wengine akitimuliwa, zahanati ya kwetu haiongezewi dawa.

1. Fomula ya mgao wa pesa

Hakuna mjadala. (Najua upo.) 2020 Seneti ilivutana kwa miezi kuhusu fomula ya kuzigawia kaunti shilingi bilioni 316.5, vikao vikavunjika kimoja baada ya kingine, na Agosti maseneta watatu wakakamatwa na polisi. Kaunti za pwani na kaskazini zilihofia kupunjwa kwa kuwa watu wao ni wachache. Nairobi ina watu. Sisi tuna ardhi, zaidi ya kilomita za mraba 35,000, karibu mara hamsini ya yao. Gari la wagonjwa linakwenda kwa kilomita, halihesabu vichwa.

Mwafaka ulipatikana Septemba 17: fomula mpya ianze mgao ukifika bilioni 370, asipunguziwe mtu. Ardhi ikapewa asilimia 8, na asilimia 20 ikagawanywa sawa kwa kaunti zote 47. Mgao wa Tana River ukafika takriban bilioni 6.5.

*Hukumu:* Bingwa. Kazi nyingine zote sita ni mazoezi ya kujinyoosha.

Fomula hurudi mezani kila miaka mitano. Kwa hiyo mgombea akija Minjila kuomba kura, usimuulize barabara wala basari. Muulize siku ya fomula ataketi wapi na atapigaje kura. Akianza kusalimia wanafunzi, mrudishie fulana yake.