Vigezo na Masharti Kuzingatiwa

Benki inayopokea amana za watu ina wajibu wa kuwaeleza, kabla hawajatia saini, riba watakayopata, makato watakayokatwa na masharti yatakayowabana. Nchini Tanzania wajibu huo unasisitizwa na Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha, zilizotolewa mwaka 2019 chini ya Benki Kuu. Marekani ilikuwa imeshatunga sheria yake mwaka 1991, inayozilazimu benki kutaja pato la mwaka kwa kipimo kimoja ili mtu aweze kulinganisha akaunti na akaunti. Wamarekani wana sheria nyingine pia, ya 1980, inayozitaka ofisi za serikali kukadiria saa ambazo karatasi zao zitawapotezea wananchi. Hesabu ya namna hiyo ikifanywa katika mji wa Ifakara, Tanzania, itabidi ianzie mbali kidogo na kaunta.

Huanzia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji. Benki hutaka kitambulisho cha Taifa, au walau namba yake yenye tarakimu 20, picha ndogo za pasipoti na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au ya kijiji. Mkulima wa mpunga wa Mngeta huja na vyote, amevifunga kwenye nailoni kwa sababu barabara ya masika haina adabu. Ndipo hugundulika kwamba mamlaka ya vitambulisho, NIDA, inamjua kwa jina la babu, mtendaji anamjua kwa jina la ukoo, na kadi ya mpiga kura imemwongezea herufi moja. Watu watatu hawawezi kumiliki akaunti moja ya mtu binafsi. Dawa ni kiapo mbele ya wakili kwamba wote hao ni yeye. Wakili hulipwa, na foleni huanza upya.

Majina yakikubaliana, hubaki vidole. Mikono iliyoshika jembe na panga la miwa kwa miaka mingi hufutika mistari, na mashine ya alama za vidole haitambui jasho la mtu. Mteja huambiwa apanguse kidole kwenye suruali, ajaribu cha pili, kisha cha mkono wa kushoto, huku foleni nzima ikimshauri kwa sauti.

Fomu nyingine huacha nafasi ya kuchora ramani ya kufika nyumbani kwa mteja. Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 ilizipa nyumba namba na mitaa majina, lakini habari hizo hazikuzifikia fomu zote. Kwa hiyo mteja huchora mwembe, mashine ya kukoboa na kanisa. Mto Lumemo ukivunja kingo zake, ramani hubaki sahihi ila inakuwa haina njia.

Kisha huja maswali. Penye chanzo cha mapato mkulima huandika neno moja, mpunga, na mistari mitatu iliyobaki humtazama kwa mashaka. Sheria ya Marekani ya 2010 ya kuwasaka walipa kodi wake wanaoweka fedha nje imepenya hadi kwenye fomu za benki duniani kote, na ndiyo maana mama muuza vitumbua wa Kibaoni anaweza kuulizwa kama ana ukazi wa kudumu wa Marekani. Swali la wadhifa wa kisiasa nalo limewekwa kwa ajili ya vigogo, lakini mwenyekiti wa kitongoji hujibu "ndiyo" kwa fahari, na afisa humwomba kwa upole abadilishe jibu ili fomu isisumbue makao makuu.

Yote hayo ni mteja akiieleza benki. Zamu ya benki kumweleza mteja huja kurasa za mwisho, kwa herufi ndogo kama chenga za mchele. Afisa huweka alama tatu kwa kalamu: saini hapa, hapa na hapa. Juu ya saini pameandikwa kwamba mteja amesoma na kuelewa. Kusoma kurasa zile kwa utulivu kungechukua muda mrefu kuliko foleni yenyewe, na aliye nyuma keshaanza kukohoa. Redioni mambo ni hayohayo: zawadi hutangazwa polepole, kisha "vigezo na masharti kuzingatiwa" hupita mbio.

Kilichomo kwenye kurasa hizo kinafahamika kwa hesabu ya darasa la sita. Chukulia mkulima ameweka shilingi 200,000 baada ya mavuno, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwaka. Riba ni 4,000. Kodi ya zuio ya asilimia 10 inaondoa 400. Kama ada ya kuendesha akaunti ni 1,000 kwa mwezi, mwaka unakula 12,000, na VAT ya asilimia 18 inaongeza 2,160. Mwisho wa mwaka salio ni 189,440. Riba huandikwa kwenye bango la mlangoni. Ada huandikwa kwenye jedwali la makato, lililobandikwa nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani.

Jambo moja lenye manufaa halisi husahaulika kabisa kutajwa. Bodi ya Bima ya Amana humlipa mwenye akaunti benki yake ikifilisika. Kikomo kilikuwa shilingi 1,500,000 wakati Benki Kuu ilipozifungia benki tano Januari 2018, miongoni mwao Benki ya Wananchi Njombe. Mwaka 2023 kilipandishwa hadi 7,500,000. Mwenye magunia ya mpunga angepaswa kuusikia mstari huo kabla ya swali la Marekani.

Akaunti isiyoguswa kwa muda mrefu hulala, na kuiamsha hudai barua, kitambulisho na picha mpya, kwa kuwa sura ya zamani nayo imepitwa na wakati. Kuifunga hudai barua nyingine, kurudisha kadi na, kwa baadhi ya benki, kulipa ada ya kufunga. Mteja ambaye salio lake halifikii ada hiyo hutakiwa kwanza aweke fedha.