Kabati la Mkulo Lashuka Mtwara

Barua ya uhamisho ya mume wangu ilisomwa jioni, na kabla hatujagusia shule za watoto wala kodi ya nyumba, mama mkwe akauliza kabati lake litakaa upande gani wa lori. Kabati hilo ni la mkulo, mti wa misitu ya Kilimanjaro na Usambara. Alipewa na wazazi wake alipoolewa Marangu, na hata leo ukifungua milango yake unapokelewa na harufu ya kafuri. Nondo hakai humo. Ndimo anamoweka vitenge vyake vya heshima, Biblia ya marehemu baba mkwe, hati ya kiwanja na vyeti vya wajukuu. Kabati likienda Mtwara, naye anaenda. Likibaki Arusha, tumwache nalo.

Nilimwelewa. Mama hakuwahi kuishi mahali ambapo akitoka nje asubuhi haoni mlima. Kumwambia ahamie ufukweni akiwa na umri ule, halafu tumwambie na kabati aliache, kungekuwa kumvua nguo.

Tulipakia mwezi wa Novemba. Dereva wa fuso alikuwa anashuka Kusini kufuata korosho, hakutaka kwenda mtupu, akatupunguzia nauli. Mama alisimamia upakiaji mwenyewe, kanga kiunoni. Yakaingia makochi ya velveti, kapeti nene la sebuleni, mablanketi ambayo bila hayo mtu hawezi kuupita mwezi wa Julai kwetu Njiro, Arusha, na kabati likiwa limeviringishwa magodoro. Nyuma kabisa, chini ya turubai, yakapangwa magunia ya machipukizi ya migomba kutoka shambani Marangu, kila moja na udongo wake shinani. Mume wangu akajaribu kusema kwamba hata Mtwara kuna ndizi.

"Kuna mshare?" Mama akamwuliza.

Akanyamaza, akaenda kukaza kamba.

Kutoka Arusha hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 1,100, na sehemu kubwa ya safari ni kushuka, maana Arusha imekaa mita 1,400 hivi juu ya bahari. Segera tulivua masweta. Chalinze watoto walivua viatu. Baada ya Dar es Salaam, tukipita Mkuranga na Kibiti, Mama alikuwa ameshafungua kilemba na kukifanya cha kujipepea. Tulipovuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, dereva akatusimulia habari za kabla ya mwaka 2003, wakati hapakuwa na daraja: foleni ya kivuko, matope ya masika, malori yaliyokwama hadi utingo wanapika na kulala chini yake. Ndiyo sababu, akasema, zamani mtumishi akikorofishana na mkubwa wake alikuwa anatishiwa kupelekwa Kusini.

Sikupenda maneno hayo, na siyapendi hadi leo. Mikoa inayoliingizia taifa fedha za korosho, inayopeleka gesi Dar es Salaam kwa bomba, iliyotupa Rais wa Awamu ya Tatu kutoka Lupaso kule Masasi, haistahili kutajwa kama jela.

Lakini joto lilikuwa joto. Tuliposhusha mizigo, upepo ulikuwa umekufa kabisa na bati la nyumba lilikuwa linalia kwa jua. Makochi ya velveti yalipangwa sebuleni, na mtu aliyekaa alinyanyuka na mgongo uliolowa. Usiku wa kwanza watoto walihama vitanda mmoja mmoja, wakalala sakafuni kwenye saruji tupu, nasi tukabaki kugombania neti ya kuwafunika, maana mbu nao walikuwa wamepata habari za wageni.

Asubuhi jirani alibisha hodi. Alikuwa mama mtu mzima, sahani ya ming'oko ya kuchemsha mkononi, ile mizizi ya porini ambayo watu wa Lindi na Mtwara huila kwa chai. Wajukuu zake walimwita Bi Mkubwa, na siku hiyohiyo na wetu wakaanza kumwita hivyo. Akamwamkia mama mkwe kwa adabu zote, wakaulizana hali, watoto, safari, kisha akatazama kapeti lililokuwa nusu limetandikwa.

"Mwanangu," akaniambia, "hilo kunja uweke juu. Hapa saruji ndiyo ubaridi wa mwenye nyumba."

Mama hakusema kitu. Alikuwa na haraka ya migomba.

Shambani Marangu mtu analima tangu asubuhi hadi jioni chini ya kivuli cha migomba na miti mirefu, na mama mkwe ni mkulima wa namna hiyo. Alichukua jembe saa nne na kuanza kuchimba mashimo uani, penye mchanga mweupe usio na hata kivuli cha kuku. Nilimwita aje anywe maji, akaniambia amalize shimo moja. Nilimwita tena. Saa saba kasoro, mtoto wa kwanza aliingia mbio jikoni: "Bibi amekaa chini na hajibu."

Nilimkuta ameegemea ukuta, uso umepauka, jasho linamchuruzika, mikono yake ya baridi, na maneno yake hayafuatani. Alikuwa ananiuliza kama ng'ombe wamepewa majani. Nilipiga kelele kwa jina la Yesu, na Bi Mkubwa akaja akiwa hana hata viatu. Hakupoteza muda kuuliza. Tulimbeba hadi chini ya mwembe wake, akamlegeza nguo, akamwinua miguu juu ya kinu kilicholazwa, akalowesha kanga mbili na kumfunika shingo na kifua, huku binti yake akimpepea kwa kipepeo cha ukili. Alipoanza kujibu vizuri, alimnywesha dafu lenye chembe ya chumvi, funda kwa funda, akimkataza kulimaliza kwa pupa. Kisha tukampeleka zahanati, wakampima presha na malaria, wakasema ni joto, na kwamba aliyempatia huduma ya kwanza alifanya sawasawa.

Nimemwombea dua mama yule mara nyingi tangu siku hiyo.

Tangu hapo ratiba ya nyumba ilibadilika. Kazi za uani zinaisha kabla ya saa tatu asubuhi. Chakula cha mchana kinapikwa mapema, na kuanzia saa sita hadi saa tisa watu wako kwenye mkeka barazani. Mama ndiye aliyepata taabu zaidi, kwa sababu kwao anayelala mchana ni mgonjwa au mvivu. Siku za mwanzo alikuwa akiwaona wanaume wamejilaza barazani adhuhuri, akawasikitikia wake zao. Bi Mkubwa akamweleza kwamba wale ni wavuvi, walikuwa baharini tangu saa tisa usiku, na yule changu aliyemla jana aliletwa nao. Kuanzia hapo Mama akawa anawasalimia yeye kwanza.

Mtwara ina kumbukumbu ya wageni walioshusha mizigo kabla ya kuuliza. Bandari anayofanyia kazi mume wangu ina asili yake kwenye mpango wa Waingereza wa kulima karanga, ulioanza mwaka 1947. Matrekta yalipelekwa, pori la Nachingwea likafyekwa, reli ikajengwa kutoka pwani, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umevunjwa, maana mvua na udongo havikufuata mahesabu yaliyopigwa London. Reli nayo iling'olewa miaka ya 1960. Bandari imebaki, na leo inasafirisha korosho za wakulima wadogo, watu wanaoijua ardhi yao. Nilimsimulia Mama hadithi hiyo tukiwa tunatazama migomba yake, na akaisikiliza mpaka mwisho.

Migomba ilikuwa inaungua. Majani mapya yalitoka mabichi, halafu kingo zake zikawa za kahawia kana kwamba mtu amezipitishia moto. Tulikuwa tunaimwagilia maji ya kisima, na kisima chetu kina chumvi. Bi Mkubwa alionja maji hayo kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa. Alituonyesha anavyofanya kwake: shimo linachimbwa pana, makumbi ya nazi yanapangwa chini yakiwa yamelowekwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kisha samadi, kisha udongo, na juu matandazo mazito ili jua lisinyonye unyevu. Tulifukua machipukizi yote na kupanda upya, asubuhi, kivulini kwa mwembe. Mengi yalikufa. Machache yalikaza mizizi, na Mama anayahudumia kwa maji aliyooshea mchele. Pembeni yake Bi Mkubwa alichomeka chipukizi la mgomba wake mwenyewe wa kisukari, na hilo halikubembelezwa hata siku moja.

Chumvi ileile ilikuwa jikoni. Sabuni haitoi povu, chai ina ladha ya dawa, na maharage, ambayo kwetu ndiyo nguzo ya chakula, yalikataa kuiva. Nilikuwa nayaweka jikoni asubuhi, na hadi watoto wanarudi kucheza jioni, bado yanagonga ukiyatikisa kwenye sufuria. Gunia la mkaa likaisha nikiwa natazama. Tukaanza kununua madumu ya maji baridi kwa ajili ya kupikia tu, na mume wangu akafunga mifereji ya bati kwenye mapaa na kuweka simtanki. Kusini mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, hakuna vuli na masika kama kwetu, kwa hiyo anayechelewa kukinga anajuta mwaka mzima. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, kubwa, na tulitoka wote na mabeseni, Mama akiwa mbele, amelowa chepechepe na anaamrisha. Kesho yake maharage yaliiva kabla ya saa sita. Bi Mkubwa alipelekewa bakuli lake la kwanza kabla hatujapakua.

Lakini mvua hiyo ndiyo iliyolifunga kabati.

Siku ya mwisho ya kuandikisha darasa la kwanza, shule ilitaka cheti cha kuzaliwa cha kitinda mimba wetu. Mama alichukua ufunguo, akauzungusha, ukazunguka vizuri, akavuta. Mlango haukutikisika. Mume wangu akavuta, mimi nikavuta, kijana wetu mkubwa akaweka mguu ukutani akavuta. Milango yote miwili ilikuwa imevimba kwa unyevu, imebanana katikati, na bawaba zilizokuwa ziking'aa Arusha zilikuwa zimeota kutu ya rangi ya udongo. Mume wangu, ambaye alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili tu kazini, akaleta mtaimbo.

Mama akasimama mbele ya kabati, mgongo kwenye mlango.

"Hapana, mwanangu. Mtoto ataanza shule mwakani."

Nilimwona mume wangu akipigana na nafsi yake. Akauweka mtaimbo chini, akatoka kwenda kwa Bi Mkubwa, akarudi na kijana mwembamba mwenye mfuko wa zana. Alikuwa fundi seremala, na baba yake alikuwa mchonga vinyago vya mpingo huko juu Newala.

Hakugusa pale tulipokuwa tunavuta. Alipitisha kiganja juu ya mbao kutoka juu hadi chini, akanusa, akatabasamu. "Imekunywa, bibi. Itatapika taratibu." Akamwambia kwamba hata mpingo ukishakatwa kwao hupakwa nta kwenye ncha, ili usikauke kwa kasi ukapasuka. Mti hata ukiwa kabati bado unavuta hewa ya mahali ulipo.

Kisha akachovya unyoya wa kuku kwenye mafuta ya taa na kupaka bawaba moja baada ya nyingine, pale pini inapoingilia. Akasubiri. Akapaka tena. Mume wangu alitazama saa, akatazama mlango, hakusema. Fundi akachukua msumari wa inchi nne uliosagwa ncha, akauweka chini ya pini na kuugonga kwa nyundo ndogo, vigongo vyepesi vya mfululizo, mpaka unga wa kutu ukaanza kudondoka na pini ikachungulia juu kidogo. Akaishika kwa koleo, akaizungusha, ikatoka. Zilipotoka zote alichomeka patasi nyembamba upande wa bawaba na kuubembeleza mlango, ukafunguka kinyumenyume, bila mkwaruzo.

Kafuri ilijaa chumba kizima. Mama aliingiza mkono, akatoa bahasha.

Fundi alipiga randa ukingo wa mlango, akausugua mshumaa, akapaka pini grisi na kuzirudisha. Malipo aliyotaja yalikuwa ya haki. Mama akamwongeza kidogo, fundi akakataa, lakini akaomba jambo moja: yale maranda yaliyodondoka sakafuni, akaweke kwenye nguo za mama yake, kwa sababu mende wanamsumbua. Mama alipiga magoti akayakusanya kwa viganja, akayagawa mafungu mawili, akamfungia moja kwenye gazeti.

"Mpelekee, baba. Mwambie yametoka Marangu."

Mume wangu na mtoto walifika shule mwalimu akiwa anafunga daftari. Alikipokea cheti, akakisoma, akakisogeza puani, akauliza kimehifadhiwa hospitali gani.