Nyumba Yenye Kadi ya Umiliki

Mjomba, Shangazi na nyote hapo Mbagala,

Mimi huku Iowa ni mzima, ila beseni langu la kuogea linatapika pilau.

Nilipoflashi choo nikasikia kama mtu anasukutua bafuni. Kuchungulia, hakuna mtu. Maji ya kijivu yanapanda yenyewe kutoka tundu la beseni, na juu yake zinaelea punje za wali na ganda la iliki. Iliki yako hiyo, Shangazi, uliyonifungia kwenye soksi.

Kabla Mjomba hajauliza kwa nini sikufungua chemba, niwaeleze nyumba yenyewe. Ile mnayowaonyesha majirani kwenye picha, kwamba kijana kajenga Marekani, ilikuja barabarani ikivutwa na lori. Chini ina chasisi. Imekalishwa juu ya matofali na kuzungushiwa sketi ya plastiki, wageni wasione miguu. Ina kadi ya umiliki, mambo ya gari kabisa. Nje ina kibati chekundu cha serikali, maana tangu Juni 1976 nyumba za namna hii hujengwa kwa kanuni moja nchi nzima. Nyumba ni yangu. Kiwanja nalipia kodi.

Hapo ndipo penye vituko. Bomba la maji taka likiwa chini ya sakafu, ni langu. Likishazama ardhini, ni la mwenye kiwanja. Uchafu ni ule ule, ila ukivuka mpaka unabadilisha uraia, tena haraka kuliko mimi.

Kwa hiyo kwanza unapeleleza. Sinki likigoma peke yake, kosa ni la sinki. Ukiflashi choo beseni likajibu, bomba kubwa limeziba: maji yakikosa njia yanatafuta tundu lililo chini kuliko yote. Mabomba yakikoroma tu bila kujaa, tazama bomba la hewa juu ya paa, baridi ya huku huliziba kwa barafu. Mwisho unafungua kifuniko pale bomba linapozama ardhini. Maji yakiwa yamesimama hapo, kizibo kiko mbele, mwenye kiwanja agharamie. Pakiwa pakavu, pole yako.

Palikuwa pakavu.

Mbagala mtaa mzima ungeshajaa uani, huyu ana waya wa kuzibulia, yule ana shemeji mwenye gari la maji taka. Huku jirani alichungulia, akavuta pazia.

Fundi nilimpata Mrundi aliyekulia kambi ya Nyarugusu. Kiswahili chake cha Kigoma kilinifanya nisahau harufu. Akaingia chini ya sketi na pima maji, nami nikamfuata nikitambaa kwa tumbo, na shahada yangu ya uhasibu. Akamulika: turubai jeusi linaloshikilia sufi ya kuzuia baridi limejaa maji, limening'inia kama kitambi cha Mjomba. Matofali ya upande mmoja yamedidimia, nyumba ikalala, bomba nalo. Linatakiwa kushuka robo inchi kila futi. Langu linapanda mlima. Mafuta ya pilau yalipofika bondeni yakaganda, wali ukayafuata.

Tulipiga soga mpaka usiku, lakini undugu haukuonekana kwenye risiti. Kuinua nyumba kwa jeki ni bei yake, bomba bei yake, turubai bei yake. Kwa hiyo mabati ya Mjomba yasubiri kidogo. Na wewe Binamu, ile simu uliyoagiza, endelea na hiyo hiyo yenye ufa.