Namna ya Kuhesabu Mabao ya Mtoto wa Watu

Kabla ya kununua daftari, tafuta mtu asiye na mpwa uwanjani. Katika shule za sekondari za Old Kampala, hapo kilimani penye Msikiti wa Taifa, kazi hii ni ngumu kuliko kumpata kipa. Anayejua kuandika ana ndugu, jirani au mwanafunzi wake ndani ya timu. Asiye na yeyote haoni sababu ya kusimama juani. Akipatikana, mnunulie soda, umkalishe usawa wa mstari wa kati, mbali na mabenchi yote mawili. Mwombe aandike bao pale pale linapofungwa. Asingoje jioni, na asingoje kabisa siku ya kuandika barua ya kuomba basari.

Basari ndiyo inayoifanya hesabu hii kuwa jambo zito. Shule zenye jina katika soka la Uganda, St. Mary's Kitende ikiwa mbele, huwachukua vijana wenye kipaji na kuwapunguzia karo au kuwafutia kabisa. Mama anayeuza nguo soko la Owino akiambiwa mwanawe ana mabao 20, anachosikia ni karo ya mwaka. Mkimpa nambari ya kubuni, mmemdanganya juu ya fedha.

Sasa liulize kila bao maswali. Amefungwa nani? Dakika ya ngapi? Ni penalti? Wapinzani walikuwa kamili? Tarehe 11 Aprili 2001, mjini Coffs Harbour, Australia iliifunga American Samoa 31–0 katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, na Archie Thompson peke yake akafunga 13, rekodi ya mechi za kimataifa. Ubao wa uwanjani ulionyesha 32. Ikabidi kumbukumbu za waamuzi ndizo zimalize ubishi. Kama mechi ya FIFA iliweza kuzidishiwa bao, basi mechi ya shule ambayo matokeo yake yanatunzwa na wavulana waliokaa ukutani itazamwe kwa macho mawili. Tena waulizeni hao waliofungwa 31. Wachezaji wao wengi wa kawaida walizuiwa kwa sababu ya pasipoti, wakaingizwa vijana, wengine wa miaka 15. Rekodi ya Thompson ni ya kweli, lakini haikuambii angefanya nini mbele ya mabeki waliokomaa.

Mambo hayo hayo yapo kwenye mashindano ya taifa ya shule za sekondari, ambako timu iliyokusanya vipaji kutoka kila pembe ya nchi hupangwa kundi moja na shule ya wilayani yenye jezi za kuazima. Bao la saba katika ushindi wa 7–0 huandikwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Bao la Farouk Miya wa Uganda dhidi ya Comoros, uwanjani Namboole, tarehe 4 Septemba 2016, nalo ni mstari mmoja. Lilikuwa bao pekee la mechi, na liliipeleka Uganda Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1978. Kwa hiyo kila mstari uandikiwe pembeni jina la mpinzani na matokeo yalivyokuwa kabla ya bao.

Umri uandikwe pia, kwa cheti. Ili kupima umri, FIFA ilianza kupiga picha za MRI za vifundo vya mikono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009. Shule haina mashine hiyo, lakini ina macho, na mshambuliaji anayenyoa ndevu asubuhi anaonekana.

Ukurasa wa mabeki na makipa ndio unaoniuma, kwa sababu huwa mweupe. Denis Onyango, kipa wa Uganda, alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 2016 kati ya wanaocheza barani. Kwenye daftari linalohesabu mabao peke yake angekuwa na sufuri. Mwandikieni kipa mashuti aliyookoa, na beki dakika alizocheza.

Pasi zihesabiwe kwa tahadhari. Charles Reep, mhasibu wa Jeshi la Anga la Uingereza, alitoa penseli yake katika mechi ya Swindon Town tarehe 18 Machi 1950, kisha akaendelea kuhesabu kwa miaka mingi. Aliona mabao mengi yanatoka kwenye mashambulizi ya pasi tatu au pungufu, akahimiza mpira mrefu. Hakulipa uzito hili: karibu mashambulizi yote, yenye bao na yasiyo na bao, huisha kabla ya pasi ya nne. Kocha wa shule atakayesoma daftari lake hivyo atawafundisha watoto kupiga mpira juu ya mti wa jirani.

Mechi ikiisha, mpeleke mwandishi wako kwa kocha wa timu pinzani, amsomee mabao yote, kisha kocha atie sahihi. Akilikana bao moja, mkimbilieni mwamuzi kabla hajapanda boda.