Saa Mbili ya Kwetu

Mwenzenu nimeumbuka. Ripoti ya stoo ilitakiwa Ijumaa, nimeiandika Jumatatu, na tarehe ya faili haijui kusitiri mtu. Imeandika Jumatatu, waziwazi. Kompyuta za ofisini kwetu zinatumia Ubuntu. Nikamlilia dogo mmoja wa mtaani anayesomea mambo hayo. Akacheka. "Anko, kuna amri inaitwa touch. Unaligusa faili tu, tarehe inarudi nyuma." Chipsi mayai na soda, juu yangu.

Nikafungua lile dirisha jeusi. Hakuna kitufe, hakuna picha, kijistari kinakukonyezakonyeza tu kama mdai. Nikaandika touch, nikaandika jina la ripoti, nikabonyeza. Kimya. Kumbe nimekosea herufi moja, na touch isipolikuta faili haiulizi, inakuzalia jipya. Tupu. Baiti 0. Nikarudia, nikakosea kwingine. Sasa nina ripoti tatu, mbili hazina kitu. (Ya tatu nayo haina kitu sana, lakini hiyo ni yetu mimi na wewe.)

Nikapatia. Dogo alinielekeza: -t, halafu mwaka, mwezi, siku, saa na dakika, vyote vimeshikana. Nikapiga 202503070200. Ijumaa tarehe 7 Machi, saa mbili kamili asubuhi. Nikajiagizia chai.

Bosi akaja, akainamia kioo. "Hii uliiandika saa nane usiku?"

Jamani! Saa mbili yetu, kompyuta inaiita 0800. Hata mtoto wa chekechea anajua. Nikameza mate, nikasema ndiyo bosi, nilijituma. Akafurahi, akanitangaza ofisi nzima. Karani wetu anasukia saluni moja na mke wangu. Kufika jioni habari iko nyumbani.

Sasa sikia. Usiku ule nilikuwa Kibaha, nakesha msibani. Kweli kabisa, mara moja katika maisha yangu sikudanganya. Mama watoto anataka kujua ofisini saa nane usiku nilikuwa na nani.

Nikamrudia dogo. Anasema ushahidi upo: piga amri ya stat, utaona mstari wa Change. Huo touch haiwezi kuupangia tarehe, mfumo wenyewe ndio unaandika lini faili lilichezewa mara ya mwisho. Unasema Jumatatu. Ila ili mke wangu auone lazima aje ofisini, akae kwenye meza yangu, bosi akiwa pale pembeni.

Basi nalala kwenye kochi. Wiki ya pili hii.