Namna ya Kusema "Where" Bila Kuuliza Swali

Kanuni ya kwanza ya mwongozo huu: usiulize. Ukishapata "where", "when", "why" au "how" mdomoni, tulia kwanza ujue kama kweli kuna swali. Mara nyingi halipo. Kuna mtu anayetoa maelezo, na maelezo yake yamevishwa sare ya swali bila ridhaa yake.

Chanzo kiko ubaoni. Siku maneno haya yanapoingia darasani, mwalimu huandika kichwa cha somo kwa chaki, "Question words", kisha huyapanga chini yake moja baada ya jingine. Mwanafunzi anaamini alichoambiwa: kazi ya maneno haya ni kuuliza. Anapewa mazoezi ya kuuliza mpaka anaota akiuliza. Kazi yao ya pili, ya kuingiza sentensi ndogo ndani ya sentensi kubwa, hufika baadaye sana, ikiwa imebanwa katika mada nyingine. Mzungumzaji wa Kiingereza huitumia kazi hiyo ya pili mchana kutwa.

Sasa twende Makutano, njia panda ya kwenda Butiama. Mgeni ameshuka chooni, amerudi, dereva wake haonekani. Anamuuliza kijana wa bodaboda. Kijana anajua Kiingereza, na anataka kusaidia. Anajibu: "I don't know where did he go."

Mgeni ameelewa, hilo lisitusumbue. Lakini itazame sentensi hiyo kwa karibu. Kijana hakuuliza chochote. Anatoa taarifa kwamba hajui. Ile "did" imepanda kwa mazoea, kwa kuwa shuleni kila "where" alipopita yeye alikuwa nyuma yake. Mshushe. "Did" ni abiria wa swali. Swali likiishia njiani, naye safari yake imeisha hapohapo. Kinachobaki ni mtu kwanza, tendo baadaye: "I don't know where he went."

Ndivyo ilivyo pia kwa "is" na "are", ambazo hazishuki ila hubadilisha kiti. Ukiwa Musoma mjini ukauliza moja kwa moja, sema "Where is the bus stand?" na utaonyeshwa njia ya Bweri. Ukitaka kuuliza kwa adabu zaidi, ukatanguliza "Could you tell me", basi "is" inakwenda mwisho kabisa: "Could you tell me where the bus stand is?" Sisi kwa Kiswahili tunasema "Samahani, naomba kuuliza, stendi iko wapi?" na swali letu halisogei hata kidogo, adabu tunaiweka mbele, swali tunaliacha lilivyo. Ndiyo maana kosa hili linatujia kirahisi. Ulimi wetu haujazoea kulipanga upya swali kwa sababu tu ya heshima.

Kanuni ya pili ndiyo kiini cha mwongozo huu: pima kwa Kiswahili. Kipimo hiki hukipati katika kitabu cha sarufi kilichochapwa London, kwa kuwa mwandishi wake hakuwa na -ko- wala -vyo- ya kupimia. Wewe unazo.

Sema sentensi yako kwanza kwa Kiswahili: "Sijui alikwenda wapi." Toa "wapi", ingiza -ko- ndani ya kitenzi: "Sijui alikokwenda." Imekubali? Basi hicho ni kishazi, hakuna swali. Mtu atangulie, tendo lifuate. Sasa chukua swali lenyewe: "Alikwenda wapi?" Ligeuze: "Alikokwenda?" Linaning'inia. Kila anayekusikia anasubiri umalizie. Limekataa kugeuka, kwa hiyo ni swali la kweli, na "did" ana haki ya kupanda.

Kipimo kinafanya kazi kwa wengine pia. "Nieleze mama anapikaje" inageuka bila tabu kuwa "nieleze mama anavyopika", kwa hiyo ni "how Mother cooks", hakuna "does". "Sikumbuki ulifika lini" inakuwa "sikumbuki siku uliyofika", kwa hiyo ni "when you arrived". "Why" peke yake ndiye hana silabi ya kuingiza ndani ya kitenzi chetu. Kwake tumia neno "sababu": "Sijui kwa nini alikasirika" inageuka kuwa "Sijui sababu iliyomkasirisha". Imekubali, basi sema "why he got angry". Fanya hivi kwa wiki mbili tatu, iwe kwenye foleni ya maji au ndani ya hiace, na baada ya hapo hutahitaji kupima kwa sauti.

Mtu asikuaibishe ukiwa bado unajifunza. Kiingereza chenyewe kiliwahi kutenganisha kazi hizi mbili kama tunavyozitenganisha sisi. Kabla ya mwaka 1066, Waingereza walikuwa na "hwær" la kuuliza mahali, na neno jingine, "þær", herufi yake ya kwanza ikisomwa kama th yetu, la kusema "pale alipo". Ni kama "wapi" na -po- zetu. Katika karne zilizofuata, maneno ya kuuliza yalizidi kuingia katika nafasi ya yale mengine, mpaka "where" na "when" wakabeba mizigo yote miwili. Sura ya neno ilipokuwa moja kwa kazi zote mbili, mpangilio wa maneno ndio ukabaki kutofautisha swali na kishazi. Hata leo, Ireland na India utasikia watu waliokulia katika Kiingereza wakisema "He asked me where was I going", na maisha yanaendelea. Sababu ya kujifunza mpangilio ule mwingine ni kwamba ndio unaotumika kwenye vitabu, kwenye barua za kazi, na kwenye mtihani wa kidato cha nne.

Na mtihani ndio unaonitia uchungu. Mtoto wa Butiama au wa vijiji vya Bunda huanza maisha na Kizanaki, Kijita, Kiikizu au Kikurya. Shule ya msingi ya serikali anaisoma kwa Kiswahili. Kisha anaingia kidato cha kwanza, na Jumatatu moja baiolojia, fizikia na jiografia yote yamekuwa Kiingereza. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa Tanzania awe na nafasi ya elimu ya msingi. Mji huo ndio uliolipa jina tamko hilo. Lakini mlango wa sekondari uliendelea kufunguka kwa lugha nyingine, na hapo ndipo watoto wengi wanapokwama.

Tazama maswali yanavyoandikwa. "Explain how plants make their food." "Show why the rains fail." Hakuna alama ya kuuliza. Hakuna "do" wala "does". "How" na "why" ziko kazini kwao kwa pili, na mtoto aliyefundishwa kwamba hizo ni za kuulizia anatafuta swali asilione. Wapo wanaonakili sentensi nzima kama jibu. Mtoto huyo anaweza kuujua mmea wenyewe vizuri kuliko mtungaji wa mtihani, maana ameulima. Mwalimu wa baiolojia akitumia dakika 10 za kipindi chake kufafanua kwamba "explain how" maana yake ni "eleza inavyokuwa", atakuwa ameokoa alama ambazo hakuna maabara ingeziokoa. Walimu wenzangu wa lugha, tusiwaachie walimu wa baiolojia peke yao kazi hiyo.

Kanuni ya tatu ni ya wasafiri wenye simu. Umetoka Musoma, umepita Kiabakari, kuna mtu anakusubiri. Kwa Kiswahili: "Nitakapofika Bunda nitakupigia." Wakati ujao umeingia mara mbili, na kwetu ni sahihi. Kiingereza kinauruhusu mara moja tu. "When I will reach Bunda, I will call you" iwe "When I reach Bunda, I'll call you." Kipimo ni kilekile: ukiona -po- ya wakati, toa "will". Lakini mwenzako akisema, "Mura, mbona unachelewa, unafika saa ngapi?" na gari limepata pancha, jibu lako lina "lini" ndani yake: "Sijui nitafika lini." Hapo "will" inabaki: "I don't know when I'll get there." "When" ni moja, kazi mbili, na Kiswahili chako kimekwisha kukupangia: -po- inatoa "will", "lini" inaiacha.

Kanuni ya nne, usiikanyage ukiwa kwenye usaili. Tunasema "shule niliyosoma", na ile -yo- inatusukuma kwenye "the school which I studied". Kiingereza kinasikia kwamba uliichunguza shule, ukapima kuta zake. Sema "the school where I studied". Mfano mzuri uko Musoma penyewe. Mwisenge ndiyo shule aliyoanza Julius Nyerere mwaka 1934, kabla ya Tabora, Makerere na Edinburgh: "Mwisenge is the school where Nyerere started." Ukimpeleka mgeni Butiama, nyumbani kwake Nyerere, utahitaji sentensi za aina hii kila baada ya hatua chache, kuanzia makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999 mpaka kaburini. "This is where he lived." "This is where he is buried." Hapo tena Kiswahili kimekutangulia kwa ufasaha: hapa ndipo alipoishi, hapa ndipo alipozikwa. Kila "hapa ndipo" yako ni "this is where".

Na usiridhike na sentensi mbili hizo. Mzee huyo aliitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alitoka kwa Wazanaki, akaimiliki lugha ya wengine bila kuidharau ya kwao wala ya taifa. Mgeni anayefika Mwitongo, kwenye makazi yake hapo Butiama, anastahili kuambiwa pia "how he learned", "why he translated", "when he came home". Hayo yote ni vishazi, na kiongozi wa wageni anayeviweza anaweza kusimulia maisha ya mtu badala ya kusoma maandishi ya ukutani.

Kanuni ya tano ni fupi. Pale Mwigobero, mwaloni Musoma, mgeni akinyoosha kidole kwenye beseni la samaki, usijibu kwa "how is it called". Hiyo ni "inaitwaje" yetu, ambayo Kiingereza huiomba kwa "what": "what it's called". Vilevile "linafananaje" ni "what it looks like". Na "the way how" iache kabisa, chagua mmoja kati yao, "the way she cuts it" au "how she cuts it".

Ukibanwa, mgeni anakutazama, mpangilio wote umeyeyuka, kuna mlango wa nyuma na ni halali kabisa. Kata sentensi mara mbili na ufunge kwa neno lenyewe: "He went somewhere, but I don't know where." "She was angry, and I know why." "They'll come back, but they didn't say when." Hakuna cha kupanga baada ya neno hilo, kwa hiyo hakuna cha kukosea. Wenyewe hufanya hivyo kila siku. Jifunze hizo tatu leo, kisha kesho uanze kuongeza mtu na tendo baada ya "where", taratibu, kishazi kimoja kimoja.